KARANI ASIYEKUNYWA CHAI

Ndugu msomaji, Jumapili moja jioni, nilipokuwa nikichambua mchele wa chakula cha usiku, binti wa kaka yangu alibisha hodi nyumbani kwangu akiwa ameukumbatia mkoba wa kompyuta ya ofisini. Hakuwa na uchangamfu wake wa siku zote. Aliniamkia, akaketi mkekani, na kabla sijamaliza kumuuliza habari za nyumbani machozi yalikuwa yamekwisha kumtoka.

“Shangazi,” alisema, “nimemponza mama wa watu.”

Binti huyu ni mhazili katika chama kimoja cha akiba na mikopo, ambacho hapana haja ya kukitaja jina. Wiki mbili kabla ya jioni ile, kamati ya mikopo ya chama hicho ilikutana tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Yeye ndiye aliyechukua maelezo ya kikao, akiyapiga chapa moja kwa moja katika kompyuta, nayo yakajaa kurasa 14. Wajumbe walipotawanyika, mwenyekiti aliagiza kwamba muhtasari pamoja na barua za waombaji wote viwe mezani kwake kabla ofisi haijafungwa. Zamani agizo la namna hiyo lingemfanya mhazili alale ofisini. Lakini ofisi yao ilikuwa imekwisha kulipia msaidizi wa akili mnemba, yule anayekaa ndani ya programu ileile ya kuandikia barua. Binti akabonyeza kitufe, akaomba muhtasari wa ukurasa mmoja, na kabla dakika haijaisha muhtasari ukawa tayari. Kutokana na muhtasari huo akaomba barua, nazo barua zikatoka. Saa kumi na nusu alikuwa kituo cha basi.

Katika zile kurasa 14 palikuwa na sentensi moja iliyomhusu mjane anayeshona sare za shule, aliyekuwa ameomba mkopo wa kununulia vyerehani viwili. Sentensi ilisema kwamba kamati imeridhia ombi lake kimsingi, ila fedha zisitolewe mpaka apatikane mdhamini wa pili, kwa kuwa mdhamini wa kwanza bado anadaiwa. Katika muhtasari wa msaidizi ilisomeka: “Kamati imeridhia ombi la mwanachama.” Basi. Lile “kimsingi” lilitoweka, na ile “ila” ikatoweka pamoja na vyote vilivyoifuata. Barua iliyoandikwa kutokana na muhtasari huo ikampongeza mjane na kumtaka afike kuchukua fedha zake baada ya siku kumi.

Mama yule aliiamini barua, na nani asingeiamini? Ilikuwa na nembo, ina mhuri, ina sahihi. Akaenda dukani akaweka arubuni ya shilingi 180,000 ili vyerehani visiuzwe kwa mtu mwingine. Siku ya kumi alipofika kwa mtunza fedha, yule mtunza fedha alilifungua jalada, akayasoma maelezo ya awali, akamrudishia barua yake.

Nimekuelezea kisa hiki kwa kirefu, ndugu msomaji, kwa sababu wengi wetu tunazo jamaa zetu maofisini, na huenda wewe mwenyewe unafanya kazi hiyo. Msaidizi huyu ameingia, hakupiga hodi sana, wala hataondoka kwa kuwa mtu mmoja ameponzwa. Inafaa tumjue ni nani.

MSAIDIZI HUYU NI NANI?

Mimi niliajiriwa mwaka 1979, nikiwa nimesomea hatimkato na kupiga chapa. Chombo changu kilikuwa mashine ya chuma iliyotoa kengele kila ulipofika mwisho wa mstari, na makosa tuliyafuta kwa wembe au kwa wino mweupe. Karatasi za kaboni zilitutia weusi vidoleni mpaka sabuni ikashindwa. Baadaye zikaja kompyuta, na kompyuta zikaja na programu za kuandikia, za mahesabu, za kutumia barua. Kwa miaka mingi programu hizo zilikuwa kama jembe: linalima pale tu unapolishika mpini.

Si kwamba watengenezaji hawakujaribu mapema kutupa msaidizi. Waliotumia programu za Microsoft za mwaka 1997 watakumbuka kile kibanio cha karatasi chenye macho makubwa, kilichojitokeza pembeni mwa ukurasa na kukuuliza kama unaandika barua. Kilichukiza watu wengi, mimi nikiwamo. Katika toleo la mwaka 2001 kilizimwa kisijitokeze chenyewe, na katika toleo la mwaka 2007 kikaondolewa kabisa. Kibanio kile kilifuata kanuni chache alizokwisha kuandikiwa. Kilikuwa na adabu ya kasuku.

Huyu wa sasa ni wa namna nyingine. Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani iliwafungulia watu wote programu yake ya ChatGPT, ambayo uliiuliza jambo kwa maneno ya kawaida nayo ikakujibu kwa maneno ya kawaida. Tarehe 16 Machi 2023 kampuni ya Microsoft, iliyokuwa imeweka fedha nyingi katika OpenAI, ikatangaza kwamba uwezo wa namna hiyo utaingizwa ndani ya Word, Excel, PowerPoint, Outlook na Teams kwa jina la Copilot, yaani rubani msaidizi. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo ukaanza kuuzwa kwa makampuni makubwa, kwa dola 30 kila mtumiaji kila mwezi juu ya ada ya kawaida, na hapo mwanzo ilibidi kununua kwa watu wasiopungua 300. Sharti hilo la idadi likaondolewa Januari 2024, na ndipo ofisi ndogo nazo zilipoanza kuonja. Dola 30 ni zaidi ya shilingi 70,000 za Tanzania. Kwa chama kidogo si fedha ya kuokota njiani. Google nao waliweka msaidizi wao ndani ya programu zao za ofisi, na makampuni mengine yanatengeneza wasaidizi wa kubandikwa juu ya programu ulizo nazo, ambao hujitokeza katika kidirisha upande wa kulia wa ukurasa.

Anafanyaje kazi? Mashine hii haijui mambo kama wewe unavyoyajua. Imelishwa maandishi mengi mno, na katika kulishwa huko ikajifunza neno lipi huelekea kufuata maneno yapi. Mtu akisema “haraka haraka haina…” kila Mswahili atamalizia “baraka”, bila kufikiri, kwa kuwa amekwisha kusikia mara nyingi. Mashine hufanya jambo la namna hiyo kwa kila neno, kwa hesabu kubwa ajabu. Unapomwita ndani ya Word, programu huchukua agizo lako na maandishi yaliyo mbele yako, ikampelekea huko aliko, mara nyingi katika kompyuta zilizo nchi ya mbali, naye akaanza kutunga neno baada ya neno.

Hapo ndipo kisa cha mjane kinapoeleweka. Mhazili wa kale akifanya muhtasari huchukua mkasi: hukata yasiyo ya lazima na kuyabakiza ya lazima kama yalivyo. Msaidizi hana mkasi. Yeye hutunga maandishi mapya yanayofanana na muhtasari. Na mihutasari aliyokwisha kuisoma kwa wingi husema “kamati imeridhia” au “kamati imekataa”. Uamuzi wa katikati, ulioegemea kwenye neno moja dogo, ni rahisi kumponyoka. Wala hakutoa alama yoyote ya shaka. Sentensi ilikaa sawa, herufi kubwa mahali pake, nukta mahali pake.

MAKOSA YENYE SURA NZURI

Zamani kosa lilijionyesha. Mpiga chapa mchovu aliruka herufi, mstari ukapinda, na msomaji akashtuka: huyu alikuwa amechoka, hebu nirudie kusoma. Kosa la msaidizi wa leo huja limevaa suti. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko lingine lolote, na usidhani ni woga wa mwanamke mzee wa uhazili peke yake.

Mwaka 2023 katika jiji la New York, mawakili wawili waliokuwa wakimtetea abiria aliyelidai shirika la ndege la Avianca walipeleka mahakamani hoja zilizotaja kesi kadhaa za zamani. Hoja zilikuwa zimesaidiwa na ChatGPT. Wakili wa upande wa pili alizitafuta kesi hizo asizione, na hakimu naye hakuziona, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Majina ya kesi yalikuwa kamili, tarehe zilikuwapo, hata hukumu zilikuwa zimenukuliwa. Mwezi Juni mwaka ule Jaji Kevin Castel aliwatoza mawakili hao pamoja na ofisi yao faini ya dola 5,000. Na mwaka 2025 nchini Australia, kampuni ya Deloitte ilikubali kuirudishia serikali sehemu ya malipo ya taarifa iliyogharimu takriban dola 440,000 za nchi hiyo, baada ya kugunduliwa kwamba taarifa ilitaja maandiko yasiyokuwapo na kumnukuu jaji maneno yasiyo yake. Msaidizi wa akili mnemba alikuwa ametumika katika kuiandaa.

Tazama, msomaji: hao si makarani wa kijijini wasiosoma. Ni watu wa vyuo vikuu, wenye majina milangoni. Waliponzwa na sura nzuri ya karatasi.

Hata hivyo nisimsemee mabaya tu, maana ningekuwa nasema uongo. Jioni ile, baada ya binti kunywa maji na kutulia, tuliifungua kompyuta pamoja. Nilimwambia anipe barua ndefu yoyote. Akanitolea malalamiko ya mwanachama mmoja, kurasa tatu bila aya hata moja, mambo ya shamba yamechanganyika na mambo ya msiba na ya kitabu cha akiba kilichopotea. Tukamwagiza msaidizi apange malalamiko kwa tarehe. Akayapanga. Nikayahakiki yote kwa kidole na sikuona kosa. Kazi ile mimi ningeifanya kwa saa nzima, na mgongo ungeniuma. Vilevile ni hodari wa kugeuza barua ya hasira kuwa barua ya heshima, na hilo, kwa wale waliopata kufanya kazi chini ya wakubwa wenye hasira, si jambo dogo.

Serikali ya Uingereza ilimjaribu kwa watumishi 20,000 tangu Oktoba hadi Desemba 2024. Taarifa iliyotolewa Juni 2025 ilieleza kwamba watumishi hao waliokoa wastani wa dakika 26 kwa siku, lakini hesabu hiyo ilitokana na makadirio ya watumishi wenyewe. Wizara ya biashara ya nchi hiyohiyo, iliyofanya tathmini yake katika miezi ileile, ilisema haikupata ushahidi kwamba tija iliongezeka. Wengi waliridhika naye katika kuandika na kufupisha. Lakini katika uchambuzi wa Excel waliomtumia walichukua muda mrefu zaidi na kutoa kazi hafifu kuliko wasiomtumia. Binafsi naziamini taarifa zote mbili. Dakika zinaokolewa katika kuandika, kisha zinatumika, au zingepaswa kutumika, katika kuhakiki. Siku ile binti aliokoa saa tano na hakuzitumia hata dakika kumi.

TARAKIMU NI JAMBO LA PEKE YAKE

Kwa kuwa wengi wenu mnashughulika na vyama vya akiba, vikundi vya kuzungushiana fedha na hesabu za maduka, nitakaa kidogo hapa.

Jedwali la kompyuta linapojumlisha safu ya tarakimu kwa kanuni uliyoiandika, linajumlisha kweli. Litatoa jibu lilelile leo, kesho na mwaka kesho. Msaidizi akiulizwa jumla kwa maneno anaweza kutunga jibu, na tarakimu iliyotungwa hufanana na tarakimu iliyojumlishwa kama pacha na pacha. Agosti 2025 Microsoft walianza kuwajaribishia watumiaji njia ya kumwita msaidizi ndani ya kisanduku cha Excel kama kanuni nyingine yoyote. Katika maelekezo yao wenyewe wakaonya kwamba asitumiwe kwa mahesabu ya tarakimu, wala kwa kazi inayodai usahihi au jibu lisilobadilika, wala kwa mambo yenye matokeo ya kisheria. Kwa mahesabu, wakasema, tumia kanuni za kawaida. Mwuza dawa akikwambia dawa yake isinywewe na mwenye mimba, humwamini?

Njia iliyo salama ni hii: usimwombe jumla, mwombe kanuni. Mwambie, “Niandikie kanuni itakayojumlisha marejesho ya kila mwanachama na kutoa riba ya mwezi.” Akikupa, iweke katika jedwali, kisha chukua mwanachama mmoja unayemjua na uhesabu kwa kalamu. Jibu likilingana, kanuni hiyo ni yako kwa miaka yote. Binti alipojaribu hivyo mbele yangu alishangaa, kwa maana alikuwa na kanuni moja ambayo kwa miezi minane aliirudia kwa kikokotoo, mstari baada ya mstari, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kuiandika. Hapo msaidizi alikuwa mwalimu mzuri kuliko semina alizokwisha kuhudhuria, na tusione haya kulisema.

KISWAHILI CHAKE

Nilipoiona barua aliyoandikiwa mjane, jambo la kwanza lililonikera halikuwa kosa la mkopo, ambalo kwa macho tu halikuonekana. Lilikuwa ufunguzi wake: “Natumaini barua hii inakukuta vyema.” Ni nani huandika hivyo katika ofisi zetu? Barua ya ofisi huanza na Kumb. Na., tarehe, anwani, kisha Yah:, kisha mwandishi humtaka msomaji ahusike na kichwa cha habari hapo juu. Ukavu wa barua hizo una kazi yake. Mpokeaji anajua ni jalada gani, ni uamuzi upi, na nani wa kuulizwa. Ile ya msaidizi ilikuwa tamu na haina mahali pa kushika. Hata namba ya kikao haikuwamo. Kama ingekuwamo, pengine mtunza fedha angelitazama jalada kabla ya siku kumi.

Sababu si fumbo. Maandishi aliyolishwa ni ya Kiingereza kwa sehemu kubwa sana, na ya Kiswahili ni kidogo kulingana na wingi wa wasemaji wetu. Kwa hiyo mara nyingi huvaa maneno ya Kiswahili juu ya mwili wa Kiingereza. Ngeli humponyoka katika sentensi ndefu: ataanza na “mikopo” na kumalizia na “zilitolewa”. Na mashine hukata maneno vipande vipande kabla ya kuyashughulikia. Neno letu kama “hatutamlipa” hukatwa vipande vingi kuliko neno la Kiingereza lililozoeleka, maana sisi hukusanya mtendaji, wakati na mtendwa katika neno moja. Ndani ya kipande kimoja kidogo ndimo kinamokaa kile kikanushi kinachogeuza “amelipa” kuwa “hajalipa”. Karani wa mikopo azingatie hapo.

Dawa tuliyoijaribu ni nyepesi. Badala ya kumwagiza “andika barua”, tulimpa barua tatu za zamani za ofisi, tukasema: fuata muundo huu na lugha hii, usiongeze salamu, usibadili tarakimu wala jina, pale maelezo yasipotosha, acha nafasi na uandike “haikutajwa”. Barua iliyotoka nusura ningeitia sahihi. Agizo la neno moja huzaa barua ya mtu asiyejulikana, kama vile mgeni aliyeagizwa sokoni “lete mboga” bila kuambiwa nyumba hii hula nini.

SIRI ZA WATU

Nilimwuliza binti, “Majina ya wanachama, mishahara yao na madeni yao, vyote umempa?” Akaniangalia. Hakuwa amelifikiria.

Katika mkataba wa kibiashara, Microsoft wanasema maagizo na nyaraka za ofisi hazitumiwi kuifundisha mashine ya msingi, na kwamba msaidizi huona yale tu ambayo mtumiaji mwenyewe anaruhusiwa kuyaona. Maneno hayo ya pili yana shimo ndani yake. Maofisini kwetu makabati ya kompyuta mengi hayajafungwa. Karani ana ruhusa ya kuona mafaili ambayo hajawahi hata kujua yapo. Kabla, siri ilihifadhiwa na uvivu wa kutafuta. Msaidizi hana uvivu. Ukimwuliza “mshahara wa meneja ni kiasi gani” na karatasi imo katika faili lisilofungwa, atakuletea kwa furaha. Tena mwaka 2025 wataalamu wa usalama walionyesha kwamba barua pepe yenye maagizo yaliyofichwa ingeweza kumrubuni msaidizi wa Microsoft atoe habari za ofisi nje, hata bila mwenye kompyuta kubonyeza chochote. Kasoro hiyo ilizibwa, na kampuni ikasema hakuna mteja aliyedhurika. Lakini imetufundisha kwamba msaidizi hawezi kutofautisha vizuri sauti ya bosi wake na sauti iliyofichwa katika karatasi anayoisoma.

Wale wanaotumia wasaidizi wa bure wa mtandaoni, wakinakili orodha ya wadaiwa na kuibandika huko, hawana hata mkataba huo. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya na Uganda wanazo zao za mwaka 2019. Deni la mtu ni taarifa yake. Mwanachama alimwambia kamati, hakuuambia ulimwengu.

Na nyumbani je? Januari 2025 Microsoft waliwaingizia msaidizi huyu hata wanunuzi wa kawaida wa vifurushi vya mtu binafsi na vya familia, na bei ikapanda. Katika kifurushi cha familia, mwenye kulipia tu ndiye anayeruhusiwa kumtumia. Mke au mtoto aliyemo katika kifurushi hichohicho hamgusi. Mwezi Oktoba mwaka huo, tume ya Australia inayosimamia ushindani na haki za walaji iliishtaki kampuni hiyo, ikidai kwamba wateja hawakuelezwa wazi kuwa kifurushi cha zamani, kisicho na msaidizi na cha bei ya chini, bado kilikuwapo. Kwamba kilionekana tu mtu alipoanza hatua za kukatisha mkataba. Kwa hiyo mama wa nyumba unayelipia kompyuta ya watoto, ada ikiongezeka, soma karatasi yote kabla ya kulipa.

Jumatatu yake niliomba ruhusa ya kwenda na binti mpaka ofisini kwake. Si desturi, lakini uzee una faida zake. Mwenyekiti alikuwa amekwisha kuandaa barua ya onyo, na ndani yake palikuwa na maneno “uzembe uliokithiri”. Nilimsomea binti wa kaka yangu makosa yake mbele ya mwenyekiti, sikumficha. Kisha nikamwuliza mwenyekiti kwa heshima: barua ya mjane ilikuwa na sahihi ya nani? Akaitazama kwa muda. Ilikuwa yake. Aliweka sahihi barua 23 saa kumi jioni, hakuisoma hata moja, kwa kuwa zilikuwa zimeandikwa vizuri.

Barua ya onyo ikarudi mtotoni mwa meza. Wakakubaliana kwamba kuanzia siku ile maelezo ya kikao yasomwe na mjumbe mmoja wa kamati sambamba na muhtasari, kidole kwa kidole, na kila barua ya mkopo inukuu uamuzi kama ulivyo katika jalada, neno kwa neno. Msaidizi wakambakiza.

Mwenye duka, alipofuatwa na mwenyekiti mwenyewe, alikubali kuviweka vyerehani kwa mwezi mmoja zaidi, ingawa si bila maneno. Mdhamini wa pili alipatikana wiki ya tatu, mwalimu mkuu wa shule ambayo mama yule huishonea sare. Barua ya pili binti aliiandika mwenyewe, msaidizi akiwa amezimwa, na akaileta nyumbani niione kabla ya kwenda kwa mwenyekiti. Ina mistari sita. Mstari wa nne unasema fedha zitatolewa “baada ya mdhamini wa pili kutia sahihi, jambo ambalo limekwisha kufanyika tarehe 14”. Nilimwuliza kama tarehe hiyo ameihakiki. Akatoa mkobani nakala ya fomu ya mdhamini, akaiweka juu ya meza.